Sumaku ya Ijumaa

Uvumi ulimfika Mwanarusi akipepeta mchele uani: mwanawe Swabir ana mwanamke huko Bongwe, na karibu atamwacha mkewe. Aliyeuleta ni Fauzia, mchuuzi wa udi na mafuta mazuri, anayepita nyumba hadi nyumba pale Mwabungo.

Mwanarusi akaupuuza. Haukupuuzika. Ulilala naye, ukaamka naye. Swabir akichelewa kidogo tu, mama mtu husimama mlangoni akiangalia njia.

Fauzia aliporudi, hakubisha hodi mara mbili.

"Bibi zetu walivuta waume kwa udi na asumini," alisema akifungua kijifuko. "Wakaja waganga na makombe yao ya kunywesha. Siku hizi ni sayansi, mama. Damu ina chuma, muulize mtoto yeyote wa shule. Na chuma huvutwa na nini?"

Kiganjani mwake mlikuwa na vipande viwili vya sumaku, kila kimoja kama punje ya mtama.

"Kimoja akimeze Ijumaa, bila kujua. Cha pili kifunge kwenye leso yako. Hatabanduka nyumbani."

"Hakitamdhuru mwanangu?"

"Kimoja? Kitatoka chenyewe. Ila iwe siri, hata mkweo asijue. Dawa ikisemwa hufa."

Ijumaa asubuhi Mwanarusi akakitia kwenye uji. Swabir akaumaliza, akasifu.

Mchana, baada ya swala, mkwewe Twaiba akamlisha mumewe pilau kwa mkono wake, tonge baada ya tonge. Mwanarusi akatabasamu. Dawa hiyo, imeshika!

"Leo mmenifanya mtoto mchanga," Swabir akacheka. "Asubuhi mama, mchana wewe!"

Siku chache baadaye tumbo lilimfura. Hospitalini walimpasua, lakini alikuwa amecheleweshwa; akafariki.

"Poleni sana," daktari alisema. "Angemeza sumaku moja, ingepita. Mbili hutafutana tumboni. Zimeubana utumbo katikati mpaka ukatoboka."

"Mbili?" Mwanarusi akapiga ukelele. "Wallahi, mimi nilimpa moja!"

Kando yake, vidole vya Twaiba vilikuwa vikihangaika kufungua fundo kwenye pembe ya leso yake.

Mama mwenzangu, jiepushe na haya:

Kumlisha mtu asichokijua.

Siri ya kumficha mkweo.

Dawa inayotoka mkono ule ule ulioleta uvumi.

Fauzia. Sasa anabisha hodi Msambweni.