Kutu ya Bunduki

"Inapiga mara moja, halafu inakwama," alisema Bwana Kilindo, akiilaza bunduki juu ya meza ya fundi Mahanyu. Ilikuwa bunduki ya marisau ya zamani, ile inayojipakia risasi yenyewe. "Mara moja hainitoshi. Kesho kaka yangu anakuja kudai shamba, na haji peke yake."

Mkewe, Zuhena, alibaki mlangoni akitafuna ubani.

Mahanyu alihakikisha haina risasi, kisha akaifungua. Springi ilikuwa nzima. Akasugua masizi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka akafikia kitundu kinachopitisha moshi wa kusukuma ganda la risasi nje. Kilikuwa kimezibwa. Alipokichokonoa kwa msumari, kikatoka kidonge cheupe kinachonata. Hata katikati ya harufu ya mafuta ya taa, alijua ni ubani.

Akainua macho. Zuhena alikuwa ameacha kutafuna.

"Umeona nini?" aliuliza Kilindo.

Fundi alikunja kiganja. "Kutu tu, bwana. Hii inataka kulowekwa wiki nzima."

"Bunduki hii naipaka mafuta kila Ijumaa," Kilindo alisema polepole. "Kutu imeingilia wapi?"

Kilindo akamgeukia mkewe, akamtazama kwa muda, kisha akamnyooshea fundi mkono.

"Hebu nionyeshe hiyo kutu."

Mahanyu hakufungua kiganja. Ndani yake, kwa joto la mkono, ubani ulikuwa umeanza kulainika, na harufu yake ikipenya katikati ya vidole.