Kidole cha Ijumaa

Kuomba kurudishiwa bunduki zilizochukuliwa na serikali hakukuwa kosa, ila sheria ilitaka kila Ijumaa kila mtu mzima kijijini alithibitishe ombi upya kwa kidole gumba kwenye simu. Mtu mmoja akikosa, ombi zima linakufa.

Ndiyo maana Cheposait alishinda juani akipita boma kwa boma na simu mkononi. "Wezi wa mifugo hawaombi kibali," aliwakumbusha majirani waliochoka, nao wakabonyeza.

Mwiba ulikuwa nyumbani kwake. Mumewe, Loitaruk, aliapa hatabonyeza kamwe tangu risasi iliyopotea njia ilipomuua binti yao, Cherop. Basi kila Ijumaa Cheposait alimpikia mchana akashiba, akasubiri asinzie, kisha akakigusisha kidole gumba cha mumewe kwenye simu. Mwaka mzima sasa.

Leo alipopiga magoti kando ya kochi, mkono wa mumewe ulikuwa tayari juu ya mto. Kidole gumba kilikuwa kimefutwa mafuta ya nyama, kimenyooshwa.

"Bonyeza, Mama Cherop," Loitaruk alisema, macho kayafumba. "Watu wanakungoja."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo, akabonyeza.