Hesabu ya Fisi Maji

Mamba mmoja, asiyemwamini yeyote, alimnasa Fisi Maji aliyekuwa akienda kunyonyesha wanawe.

"Mzee Mamba, piga hesabu kabla hujanila," alisihi Fisi Maji. "Jalala linalochomwa ng'ambo hutoa moshi. Moshi hutua majini, na sumu yake huganda katika mafuta ya samaki. Tuseme dagaa ana chembe moja. Sangara hula dagaa mia. Mimi nimekula sangara kumi."

"Unanichezea akili, wewe! Moshi huo nauona kila siku."

"Basi nimeze, na chembe zangu elfu moja."

Mamba alimnusa tumbo mara tatu. Hakugundua kitu, na kwa kutogundua kitu akazidi kushuku. Akamwachilia. "Potelea mbali, jalala wewe!"

Fisi Maji aliogelea hadi pangoni akicheka, kwani hesabu ile aliitunga papo hapo ili ajiokoe. Wanawe walimkimbilia, wakatafuta matiti. Ndipo alipoirudia hesabu polepole, akiitafutia kosa. Moshi ulikuwepo. Sangara aliwala kweli. Na maziwa yake yalitokana na mafuta yale yale.

Akajikunja, akaficha tumbo, na wanawe wakaanza kulia.