Sifa kwa Bendi ya Vikapu

Msusi alijivika kikapu kichwani, akakikaza kwa kamba chini ya kidevu, akapanda jukwaani kwenda kulipiza kisasi.

Ilikuwa saa tisa alasiri na ukumbi umefurika. Nyuma yake fundi wa kuchomelea, naye kichwa ndani ya kikapu, alikuwa akipanga ngoma zake: mitungi miwili ya gesi, mlango wa friji na karai. Katikati yao palikuwa na kiti kitupu, na juu yake kikapu cha tatu chenye spika ndani. Sauti ya mwimbaji ilitoka humo. Mashabiki waliona ni kituko kitamu, hakuna aliyeuliza mwimbaji yuko wapi.

Hiyo ndiyo Bendi ya Vikapu, haina kampuni wala meneja, na leo gazeti lilikuwa linaipa tuzo ya bendi bora ya roki ya mwaka. Msusi alikubali kuja kwa sharti moja tu, kwamba tuzo aikabidhi Sikio la Tatu mwenyewe.

Safu ya muziki ya Sikio la Tatu ilikuwa imetoka kila Jumamosi kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna msomaji aliyemjua mwandishi wake. Hata mume wa msusi, msahihishaji wa gazeti hilohilo, akiulizwa hujibu kwamba ni siri ya kazi, watu wameapishwa. Mwanzoni jibu hilo lilimkera msusi, baadaye akalizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

Mwimbaji alikuwa kaka wa msusi. Miaka kumi na tisa iliyopita, yeye na fundi walijifungia kwenye kabati la nguo wakarekodi nyimbo saba, gitaa lina nyuzi nne, kaka ananguruma kama anayemwagiwa maji baridi. Walitoa kaseti thelathini, moja wakaipeleka gazetini. Sikio la Tatu akaandika: "Huyu bwana hana muziki, ana maumivu ya tumbo. Auze gitaa anunue sururu."

Mtaa mzima ulicheka. Watoto wakampa jina la Sururu, wakawa wanamwimbia akipita. Kaka akauza gitaa kweli, akaenda migodini kweli, na mwezi wa tano shimo likamfukia.

Ndiye aliyemlea msusi baada ya wazazi kufariki. Alimlinda kupita kiasi, hata mchumba wake alimfukuza mlangoni mbele ya majirani, akasema hamwozi dada yake kwa mtu anayeishi kwa kurekebisha mikato ya wenzake. Posa ilikuja kupokelewa baada ya msiba, kwa kuwa hakukuwa na wa kuikataa tena.

Kisasi chenyewe kilikuwa chepesi. Mwaka huu msusi alichukua kaseti ileile, hakugusa hata noti moja, akaibandika jina jipya na kuituma gazetini. Jumamosi iliyofuata Sikio la Tatu alimwaga sifa nusu ukurasa: "Ujasiri mtupu! Mwimbaji ananguruma kama mtu aliyeamshwa na ukweli. Tutakuja kuona haya kwamba tulichelewa kumsikia."

Msusi aliyasoma hayo akacheka mpaka akalia.

"Mama Pacha, yaliyopita si ndwele," mumewe alimwambia asubuhi hii, huku akilalamika kichwa kinamuuma. "Ukishamwaibisha mtu wa watu, utapata nini?"

"Usingizi."

"Na kama siku zile alikuwa kijana tu, ana hasira zake?"

"Mkuki kwa nguruwe, mume wangu, kwa binadamu mchungu. Vaa viatu twende."

Akavaa. Msusi alimkalisha safu ya mbele kabisa, ili aone vizuri.

Sasa Sikio la Tatu alipanda jukwaani huku watu wakipiga mayowe. Kwa matundu ya kikapu msusi aliona suti tu, na mkono ulioshika karatasi. Alizisikia sifa zikisomwa tena, neno kwa neno, na kila neno lilimnogea. Akapokea tuzo, akaiweka sakafuni, akatoa mfukoni kipande cha gazeti kilichogeuka manjano na kukisoma kwenye kipaza sauti. Alipofika "maumivu ya tumbo" ukumbi ulicheka, ukidhani ni sehemu ya vituko.

"Aliyeandikiwa haya ni kaka yangu," alisema. "Amekufa. Na kanda mnayoishangilia ndiyo hiyohiyo iliyochekwa hapa, haijabadilishwa kitu. Sikio la Tatu, waambie watu hawa. Siku ipi ulisema kweli?"

Kicheko kikafa. Fundi aliweka chini vijiti vyake. Msusi alijawa na furaha kali, ya chuki, furaha aliyoingoja miaka kumi na tisa, akafungua kamba na kuvua kikapu ili amwone adui yake akinywea.

Mbele yake alisimama kijana wa miaka ishirini na sita.

"Mama, si mimi. Wakati huo nilikuwa darasa la kwanza. Hii safu tunarithishana. Anayeondoka anamwachia mwenzake jina na kiti."

"Wewe ulirithi kwa nani?"

"Mwanzilishi wake. Ameandika peke yake miaka yote mpaka juzijuzi tu."

"Nimekuuliza nani!"

Kijana alisita, maana alikuwa ameapa. Kisha akainua kidole, kikapita juu ya safu ya mbele, juu ya kiti kilichobaki wazi, juu ya vichwa vya watu wote, kikaishia mlangoni, ambako mumewe alikuwa akisukumana na umati ili atoke.