Mfungwa wa Sehemu ya Tano

"Namfungulia huyu mzee mfungwa," alisema msichana, na wachezaji wenzake wote mezani wakamgeukia.

Hakuwahi kusema kwa sauti hiyo tangu watu wa ustawi wa jamii walipomleta kwa Krista amlee, theluji ikiwa bado barazani. Kucha zake zilitafunwa hadi nyamani. Vidole hivyo vilishika kisanamu cha shujaa wake katika mchezo huo wa kusimuliana hadithi, mbele ya gereza lililochorwa mezani.

"Wee! Huyo mzee atakuchinja," alidakia kijana mmoja, mdomo umejaa jibini la kukaanga.

"Kila mtu amemwacha humo. Mimi simwachi."

Krista, msimuliaji wa mchezo, alikifunika kwa kiganja kijitabu kilichokuwa mapajani mwake. Hadithi hii ilitolewa sehemu moja kila mwezi, na sehemu ya tano, ambayo wachezaji hawajaiona, ndiyo iliyokuwa humo. Alishaisoma. Mzee yule angemuuza kwa maadui mtu yuleyule aliyemfungulia. Na mwenye duka walimochezea hakuwa na mzaha: msimuliaji anayebadilisha kilichochapishwa hupoteza meza yake humo.

"Ataniumiza?" aliuliza msichana, akimtazama Krista usoni.

Krista alikiacha kijitabu kiteleze sakafuni. Akainama, akaikwaruza sauti kama mzee: "Mwanangu, sina cha kukulipa. Ila nikitoka humu, nitakulinda mgongo."

Kijana akaacha kutafuna. "Ndivyo ilivyoandikwa kweli?"

Kule kaunta mwenye duka, ambaye naye alishaisoma sehemu ya tano, aliinua kichwa.

"Mfungulie," alisema Krista.