Kundi la Nungunungu

Fundi alipanda ghorofa tisa kwa miguu, maana lifti aliyoitiwa kuitengeneza ndiyo hiyo hiyo iliyokufa. Alipofika chumba cha mashine hakugusa spana. Alipindua ndoo, akaikalia, akavaa miwani, akafungua simu kutafuta habari za nungunungu.

Nungunungu mwenyewe alikuwa wa katuni: mpelelezi anayeogopa sindano. Fundi alikuwa na miaka hamsini na nane, na tangu kipindi cha kwanza hakuona cha kuchekesha. Lakini alijua sauti ya nungunungu ilibadilishwa msimu gani, alijua kwa nini sungura mpishi hakurudi, na alijua trela mpya ingetoka lini. Kwenye kundi la mashabiki mtandaoni walimwita Kifaranga. Alikuwa amejiandikisha kama mwanafunzi wa chuo, miaka kumi na tisa.

Mwaka wa tatu sasa, kila asubuhi, Kifaranga alipeleka kundini habari moja ya katuni na kichekesho kimoja alichookota mitandaoni. Juzi ilikuwa picha ya paka aliyelala juu ya mizani ya muuza nyanya, na chini yake mtu ameuliza kama anapimwa pamoja na mkia. Jana ilikuwa tangazo la mtu anayeuza kitanda "kilicholaliwa upande mmoja tu".

Na kila asubuhi, wa kwanza kucheka alikuwa Mwiba.

Mwiba alikuwa binti yake.

Alipomaliza shule, binti alisema anataka kusomea kuchora katuni. Fundi akamjibu mbele ya wageni kwamba hakumlea miaka yote ile aje kuchora panya waliovaa suruali. Wageni walicheka. Binti hakucheka. Mwezi uliofuata alihamia mji mwingine, na tangu hapo simu ya baba yake hakuipokea tena. Alizungumza na mama yake tu, Jumapili, chumbani, mlango umerudishwa.

"Ameniulizia?" fundi alikuwa akimwuliza mkewe.

"Anasema ni mzima," mkewe hujibu, na wote wawili wanajua hilo si jibu la swali.

Jina la kundi aliliona siku moja kwenye simu ya mkewe, binti alipotuma mchoro aliouchorea kundi hilo, chini yake ametia sahihi "Mwiba". Akaingia kimyakimya, akae pembeni asikilize tu. Kumbe na pembeni kuna kazi. Vijana wale waliandika kwa mkato, maneno hayana irabu, na yeye siku ya kwanza aliandika, "Mheshimiwa msimamizi, naomba nafasi nichangie." Kundi zima lilimcheka. Mwiba peke yake ndiye aliyemtetea: "Mwacheni. Kifaranga kalelewa vizuri."

Siku nyingine, alipokosea jina la sungura mara mbili, Mwiba alimwandikia, "Kula kwanza. Habari haziozi." Fundi aliusoma ujumbe ule mpaka simu ikazima kwa kukosa chaji.

Alikuwa amechoka. Uchovu wa magoti alikuwa na dawa yake ya kuchua. Huu wa kuwa kijana kila asubuhi hakuujulia dawa. Mara nyingi alitaka kusema, "Ni mimi, mwanangu." Kisha akawaza Mwiba akitoka kundini, na mlango wa mwisho ukifungwa. Akatafuta paka mwingine.

Asubuhi ile, juu ya ndoo, habari aliyoikuta ilikuwa fupi. Waundaji wametangaza: msimu huu ni wa mwisho. Nungunungu anaaga.

Fundi alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Fundi!" mlinzi wa jengo aliita kutoka chini. "Mama wa ghorofa ya saba amekaa kwenye ngazi na mizigo yake!"

"Mwambie avute subira!"

"Kaivuta, mzee! Imekatika!"

Aliwaza kuificha habari ile. Lakini asipoileta yeye ingeletwa na mwingine kabla ya saa sita, na Kifaranga hakuwahi kuwa wa pili. Akaituma bila kichekesho.

Waliaga mmoja mmoja. Picha za machozi, mioyo iliyopasuka, kisha yale maandishi madogo ya kijivu: fulani ametoka kundini. Fulani ametoka kundini. Mwiba hakuandika kitu.

Fundi akainuka, akafungua breki ya mashine, akakuta kipande kimelika. Akakibadilisha huku simu ameilaza juu ya sanduku la vifaa, kioo juu. Kila ilipolia aligeuka. Hakuwa Mwiba. Lifti ikanguruma, ikashuka. Akasikia kutoka ghorofa ya saba, "Mungu mkubwa!" Fundi hakutajwa.

Walikuwa arobaini na sita asubuhi. Sasa walibaki tisa.

Alikaa tena kwenye ndoo, vidole vyeusi kwa grisi, na kwa mara ya kwanza akamwandikia Mwiba faraghani. Aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwishowe akatuma kabla hajaghairi: "Mwiba, tafadhali usitoke. Nitatafuta katuni nyingine, tuifuate hiyo."

Ikaonekana Mwiba anaandika. Ikapotea. Ikarudi. Chini, watu walikuwa wanaitana waingie lifti kabla haijabadili mawazo.

"Usijisumbue kutafuta," Mwiba alijibu. "Hata hii niliacha kuitazama mwaka juzi, Baba."