Kidevu Chini, Adrian

Maji yalimwagika tena mgongoni, na Shangazi Restituta hakuwa na huruma.

"Nimesema kidevu chini, Adrian! Nani kakuambia sauti ya juu inatafutwa darini?"

Adrian aliishusha ndoo kichwani, akajifuta uso. Miaka hamsini na mitatu, amelowa chapachapa katikati ya ua pale Kigonsera, kuku wanamshangaa. Pete alikuwa ameivua tangu asubuhi, akaiweka dirishani pamoja na saa.

"Shangazi, si nimwachie tu Kilian wa kwaya?"

"Hiyo Aleluya ni yako. Lala chini."

Akalala mkekani. Shangazi, aliyefundisha kuimba miaka arobaini, akamwekea mfuko wa maharage tumboni aupandishe kwa pumzi. Kisha akampigisha miayo ili koo lifunguke. Kisha ndoo tena.

"Anayebeba maji hakazi shingo," alisema. "Nguvu ziko kiunoni na miguuni. Haya, imba."

Pasaka iliyopita Aleluya ya tatu, ile inayopanda kuliko zote, ilimkatikia njiani, ikatoka sauti ya jogoo anayejifunza kuwika. Kanisa zima liliinama kuficha kicheko, na kufikia Jumatatu simu za Mbinga nzima zilikuwa nayo. Ukubwa ni jalala, lakini Adrian aliumia kweli. Kuchekwa mara ya pili asingeweza.

Siku ya sita ndoo haikumwagika hata tone. Shangazi hakumsifu, ila alimwongezea uji.

Mkesha wa Pasaka ukafika, kanisa likafurika mpaka nje. Aleluya ya kwanza ikapita salama. Ya pili nayo ikapita. Wenye simu wakaziinua, wakimsubiri jogoo wao. Adrian akaihisi ndoo kichwani, akalegeza shingo, akakaza kiuno, akaiachia ya tatu. Ikapanda, ikatulia huko juu, safi kabisa, mpaka vigelegele vikaimeza. Adrian alitamani kucheka kwa furaha palepale.

Ibada ilipokwisha, Shangazi Restituta alimsubiri mlangoni. Alipomfikia, bibi yule akapiga magoti mbele ya watu wote, akaibusu pete.

"Kidevu je?" Adrian alinong'ona.

"Hakikupanda, Baba Askofu."